Uso wa Jirani kwenye Kipande cha Kona

Novemba 8

Ukungu wa manjano tangu asubuhi. Nyumba ya Mama Tapsell, ng'ambo tu ya mtaa, imepotea kabisa. Nasikia mashine yake ya kunyooshea mashuka ikilalamika bila kuiona. Nimefanya kazi kwa taa, na mbele yake tufe la kioo lililojaa maji, ili mwanga ukusanyike juu ya kibao. Matofali. Wiki nzima nachonga matofali.

Novemba 10

Matofali.

Novemba 12

Leo sikuchonga matofali.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule, nami nimerithi ugonjwa wake: siwezi kukutana na jambo nikaliacha bila kulieleza, hata kama msikilizaji ni karatasi. Basi nieleze. Msomaji wa gazeti la picha hudhani ile picha kubwa ya kurasa mbili imechongwa na mtu mmoja aliyeketi kwa utulivu wake. Sivyo. Kibao kinachopakwa wino na kuchapa picha kimeundwa kwa vipande vidogo vya mti mgumu, vimekazwa kwa skrubu nyuma. Mchoraji akishachora, karakana hukifungua na kumgawia kila mchongaji kipande chake. Huyu hupata mguu wa farasi na nusu ya gurudumu, yule hupata wingu. Tukimaliza, vipande vinafungwa tena, na fundi mkuu anapitisha patasi kwenye maungio. Picha nzima tunaiona siku ileile wanayoiona wauza samaki.

Nyuso huchongwa na wanaume. Sisi wanawake wa kuchongea nyumbani tunapewa kuta, mbingu na marinda. Lakini leo Bwana Lorimer, msimamizi wa karakana, alinizuia mlangoni nilipopeleka matofali yangu.

"Bi Penhale, mchonga nyuso wetu kalazwa na kifua. Uso utauweza?"

"Bwana Lorimer, nimeungoja uso tangu ukiwa hujaota ndevu."

"Sikuomba hotuba, mama. Utauweza au hutauweza?"

"Nitauweza."

Nimerudi nyumbani na kipande mfukoni, mkono juu yake njia nzima kama mtu aliyebeba yai.

Novemba 13

Ni kipande cha kona ya chini. Yumo mwanamke, kuanzia kichwani hadi kwenye kifundo cha mkono. Mkono umenyooshwa mbele, na palepale penye kifundo kipande kinakwisha. Mchoraji kwa haraka zake ameuacha uso bila mistari, kivuli cha wino tu, na pembeni ameandika: mnene, anacheka. Nadhani ni soko la Krismasi, na mkono ule unapokea bata bukini.

Kutwa nzima uso haukunijia. Midomo ya vitabuni, macho ya vitabuni. Nikafuta.

Novemba 14

Jua! Nilipoinua kichwa, Mama Tapsell alikuwa mlangoni pake akitaniana na muuza makaa.

"Hayo makaa au mawe ya kaburi? Mwezi uliopita yaliwaka kwa kuombewa!"

Muuza makaa akajibu kitu sikukisikia, naye akacheka, kile kicheko chake cha mwili mzima, kidevu juu, jicho moja likifumba zaidi kuliko lenzake. Nikashika patasi. Sikuchora kwanza. Nilitazama na kuchonga, nikatazama na kuchonga, na alipoingia ndani niliendelea kwa kumbukumbu, kwa maana uso ule nimeuangalia kupitia dirisha hili tangu siku mumewe mpakia mizigo alipozikwa, na majirani tukachangishana kumnunulia mashine ya kunyooshea mashuka, kama tunavyowafanyia wajane wa mtaa. Hata chunjua ya shavuni nikaitia, na kinywele chake.

Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii.

Novemba 16

Bwana Lorimer alikitazama kipande kwa lenzi hadi nikachoka kusimama. "Huyu yu hai," alisema. Nimenunua keki ya zabibu, nikamega nusu nikampelekea Mama Tapsell.

"Kuna nini, Bi Dorcas? Umeposwa?"

"Nimepewa kazi ya uso."

"Basi ule wako uupumzishe, umejaa vumbi la mbao!" Akanipangusa shavu kwa aproni yake.

Nilitaka kumwambia. Nikaona afadhali gazeti litoke kwanza, limshtue kwa furaha.

Novemba 17

Mvua.

Novemba 23

Gazeti limetoka. Siyo soko.

Chini ya picha imeandikwa: "Jumamosi Jioni Mlangoni pa Kilabu: Akina Mama wa Mitaa ya Maskini." Yale matofali yangu ya wiki nzima ni ukuta wa kilabu. Na mkono ule uliokatikia kifundoni, kwenye kipande cha pembeni ambacho alichonga mtu nisiyemjua, umeshika kikombe. Ndani ya kikombe ni pombe kali, nacho kimewekwa kwenye midomo ya mtoto mchanga.

Mama Tapsell anacheka, na anamnywesha mtoto pombe.

Mama Tapsell, aliyeapa mbele ya kanisa letu kutokunywa, na hajanywa. Mama Tapsell, aliyezika kichanga chake cha pekee majira ya surua.

Nimelikunja gazeti nikaliweka chini ya godoro, kana kwamba limechapwa moja tu.

Novemba 25

Mama Gudge, mwenye duka la samaki wa kukaanga, amelibandika dirishani. Huwa analibandika kila wiki, kwa kuwa wateja wakisimama kutazama picha hunusa samaki wakaingia. Nilipita nikaona watu wamejazana.

"Ni yeye! Tazama kidevu!"

"Na chunjua! Jamani, hata chunjua!"

"Watakatifu wa mchana hao," alisema Mama Gudge, akipangusa mikono. "Usiku wana mambo yao."

Mama Tapsell akatokea na kapu la mashuka ya watu. Wakampisha, jambo ambalo hawajawahi kumfanyia. Mmoja nyuma akasema taratibu, "Mtoto kalala salama, mama?" Alicheka, hakuelewa. Kisha akatazama dirishani.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa na kinywa. Nilinunua samaki.

Novemba 26

Sikutoka. Ukungu.

Novemba 30

Naandika kwa utaratibu ili nijue ninachokiogopa. Kanisa letu linatafuta mtunzaji mpya. Kazi ni kufagia, kuwasha jiko na kupanga vitabu vya nyimbo. Pamoja na kazi huenda vyumba viwili nyuma ya kanisa, na makaa bure. Bega la Mama Tapsell limekwisha. Ile mashine ameizungusha hadi mkono hauinuki kuchana nywele. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwahidi. Jana Mzee Strudwick, muuza shayiri, ndiye mkubwa wao, alimwambia jambo lake "linatazamwa upya."

Ama jina langu, halimo popote kwenye picha. Limo la karakana tu. Akiuliza mtu, Bwana Lorimer hatasema. Na mimi nikisema, karakana itaogopa kushtakiwa, nami nitarudishwa kwenye matofali, au hata matofali nisiyapate.

Nimeshaandika ninachokiogopa. Kimekuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kidogo kiasi cha kutia aibu.

Desemba 3

Mama Tapsell amekuja. Hakuketi.

"Bi Dorcas, wewe umesoma, na mambo ya picha ndiyo kazi yako. Njoo uwaeleze wazee kwamba watu wa gazeti wanabuni tu. Wewe watakusikiliza."

Nikasema nitakuja. Ningesema nini?

Desemba 9

Nimewaeleza.

Niliwaeleza vizuri mno. Wazee watano walikaa nyuma ya meza, Mama Tapsell kwenye kiti cha peke yake na kofia yake ya msiba. Nilieleza mti, skrubu, vipande, patasi, tufe la maji. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Nilijisikia nikinoga. Laiti ningeweza kuandika kwamba niliogopa na kubabaika; hapana, nilinoga, kama baba alipokuwa akieleza kupatwa kwa mwezi.

Mzee Strudwick alisubiri hadi nilipomaliza. "Tumefaidika, Bi Penhale. Sasa, huyo mchoraji. Huchora alichokiona, au hubuni?"

Pale palikuwa mahali pa kusema. Niliona kabisa kwamba ndipo.

"Kwa kawaida," nikasema, "huchora alichokiona."

"Mchongaji je? Naye huongeza lake?"

"Mchongaji hufuata mistari."

"Basi," alisema, akaufunga mkoba wake, "kuna mtu aliyeona."

Njiani Mama Tapsell alinishika mkono. "Umejitahidi, shoga yangu. Umesema ukweli, huwezi kulaumiwa kwa ukweli."

Desemba 10

Baridi kali. Maji yameganda kwenye ndoo.

Desemba 24

Karakana imenipa uso mwingine, wa polisi. Nimemchonga asiyefanana na mtu yeyote duniani. Bwana Lorimer: "Huyu ni kinyago. Yule mama wako alikuwa mtu. Fanya kama yule."

Januari 6

Theluji hadi kwenye vizingiti. Wateja wa Mama Tapsell wamepungua. Mama mwenye nyumba ya wapangaji, aliyekuwa akileta mashuka ya vitanda vyote, sasa anayapeleka mtaa wa tatu. Aliulizwa sababu akasema hataki mashuka yenye harufu. Kumbe harufu nayo husafiri kwa gazeti.

Mashine siisikii tena siku nzima. Ninaisikia asubuhi kidogo, kisha inanyamaza.

Januari 15

Naumwa kifua.

Januari 17

Bado. Mama Tapsell alivuka theluji akaniletea uji wa shayiri, akakoleza moto wangu kwa makaa yake. Yake! Nikamwambia arudi nayo.

"Nyamaza ule. Wewe peke yako hujaniuliza swali."

Kijiko kiligonga meno yangu. Alidhani ni homa.

Januari 21

Nimepata nafuu. Kitandani nilijaribu kujitetea kama anavyojitetea mtu aliyesoma: kwamba sikujua picha nzima, kwamba aliyechonga kikombe ana hatia kuliko mimi, kwamba niliuchonga uso kwa mapenzi. Yote kweli. Nimegundua kwamba ukweli unaweza kupangwa kama yale matofali, hadi ukuta usimame na mtu ajifiche nyuma yake.

Februari 2

Theluji inayeyuka, mtaa wote tope.

Nilikwenda kwa Mzee Strudwick dukani, kati ya magunia. Nikamwambia: uso ni kazi yangu, niliuchonga kutoka dirishani, mchoraji hajawahi kumwona.

Macho yake yakalegea kwa huruma. Ningependelea angenipiga.

"Bi Penhale, mbele ya wazee ulisema mchongaji hufuata mistari."

"Nilidanganya."

"Nadhani unadanganya sasa. Rafiki yako yu taabuni, na yeye ndiye aliyekuuguza, habari tunazo. Ni uongo wa hisani, lakini ni uongo. Nenda ukapumzike."

Februari 4

Habari imeenea. Mama Gudge amekataa kupokea pesa yangu ya samaki. "Mtu anayejivunjia jina kwa ajili ya mwenziwe! Hawapo siku hizi." Wawili pale dukani wakainua kofia.

Sijawahi kusifiwa hivi tangu nizaliwe.

Februari 5

Jioni ya mapema, taa bado sijawasha, Mama Tapsell akaingia bila kubisha, analia, akanikumbatia.

"Ulinisemea uongo! Wewe, uliyelelewa na mwalimu, ukasema uongo kwa ajili yangu!"

Nikamwondoa mikono taratibu. Nikatoa gazeti chini ya godoro. Nikamsimamisha mbele ya kioo cha ukutani, na picha nikaishika kando ya kioo.

"Chunjua yako iko shavu gani?"

"La kushoto. Kila mtu anajua."

"Na ya kwenye picha?"

Akatazama. Akajitazama kiooni. Akatazama tena. "Inafanana na hapa kiooni."

Nikamweleza, na safari hii sikunoga: kioo hugeuza, kwa hiyo kwenye picha chunjua iko shavu la kulia. Kilichochongwa kulia kwenye kibao, kwenye karatasi hutoka kushoto, kama muhuri. Kila mchoraji analijua hilo, kwa hiyo huchora kinyume akiwa juu ya kibao, ili mambo yatoke sawa. Maisha yangu yote nimefuata mistari ya watu waliokwisha kugeuza. Siku moja tu nilichonga kwa macho yangu mwenyewe, moja kwa moja, na sikukumbuka kugeuza. Angekuona mchoraji wa gazeti, chunjua ingekaa mahali pake. Aliyekosea ni mtu aliyekutazama patasi ikiwa mkononi.

Alikaa kitandani. Nje theluji ya paani ilikuwa ikidondoka.

"Ulikuwa pale," alisema mwishowe. "Kwa Mama Gudge. Siku ya kwanza. Nilikuona."

"Nilikuwepo."

"Ukanunua samaki."

"Nikanunua samaki."

"Na uji wangu ukanywa."

Akasimama, akajifunga shali kwa mkono mmoja, maana mwingine hauinuki. Nilitaka kumsaidia, akanitazama, nikaacha.

"Jumatano wazee wanakutana. Utakuja na hilo gazeti, na utawaonyesha hivyo hivyo ulivyonionyesha. Siyo kwa huruma. Huruma yako sitaki, Bi Penhale."

Miaka yote ameniita Bi Dorcas.

Februari 9

Jumatano. Nimesimama mbele ya wazee, na mlango ulikuwa wazi, na nusu ya mtaa ilijaa kwenye ukumbi. Mama Tapsell alisimama kando ya picha, kofia mkononi, wakamsogelea mmoja mmoja wakimkagua shavu kama ng'ombe wa mnada. Hata hiyo ni aibu niliyomletea mimi.

Mzee Strudwick alikuja wa mwisho. Akavaa miwani, akaivua. "Shavu si lenyewe," alisema. Kisha akanigeukia, na ile huruma haikuwepo tena.

"Kwa nini hukusema Desemba?"

"Nilipenda kazi ya nyuso," nikasema.

Nyuma Mama Gudge akasema kwa sauti, "Na mimi nikampa samaki bure!" Watu wakacheka. Mama Tapsell hakucheka.

Februari 10

Samaki wale nimepeleka pesa yao. Mama Gudge aliihesabu.

Februari 19

Bwana Lorimer amesikia. Hakunifukuza. Amenirudishia kuta na mbingu, na akasema, "Pole, mama. Uso ule ulikuwa uso." Nikamwambia asirudie kusema hivyo.

Machi 1

Upepo. Wazee wamempa Mama Tapsell kazi na vyumba. Mzee Strudwick peke yake alipinga, akisema mtu aliyezungumzwa hivyo hawezi kusafika kabisa. Naogopa kwamba kwa hilo ana haki: kwa Mama Gudge bado wapo wanaosema, "Shavu ndiyo siyo, lakini kikombe?"

Machi 7

Amehama. Mkokoteni mmoja ulitosha. Mashine wameipeleka kwa mjane wa mtaa wa pili. Nilisimama dirishani na sikujificha. Alipitisha macho yake dirishani pangu kama anavyopitisha mtu kwenye ukuta wenye matofali. Ninaujua ukuta.

Machi 9

Mbingu.

Machi 15

Kipande kimekuja na uso ndani. Karakana imejaa kazi, na uso wenyewe mdogo: mwanamke mzee kwenye foleni, wa tatu kutoka mlangoni. Safari hii nilikwenda hadi kwa Bwana Lorimer nikaomba kuona picha yote kabla sijagusa. Alishangaa; hakuna aliyewahi kuomba. Akanionyesha karatasi ya mchoraji: wazee wa kike wanangoja kuingia katika nyumba ya maskini, mabakuli mikononi. Uso wameuacha kivuli cha wino. Pembeni: yeyote, mwenye njaa.

Hakuna uso wa mtu yeyote tu; kila uso una mwenyewe. Nimekwisha kujifunza hilo. Nimekitoa kioo ukutani nikakiegemeza kwenye tufe la maji.

Machi 18

Nimejichonga, pamoja na kope la kushoto lililoanguka kwa miaka ya kubana lenzi. Sikujipunguzia kitu.

Machi 29

Gazeti limetoka, na Mama Gudge hakuchelewa. "Bi Penhale! Umo kwenye foleni ya maskini! Nani kakufanyia hivi?" Wakajazana, wakacheka, mmoja akaniuliza kama uji wa huko una chumvi. Nikanunua samaki, nikalipa.

Kisha nikaitazama picha, na ikanichukua muda kufahamu kwa nini simtambui yule bibi. Kioo hugeuza, na kibao hugeuza tena. Kilichogeuzwa mara mbili hurudi mahali pake. Maisha yangu yote nimejiona kwa kioo. Huyu wa gazetini, aliyebana midomo kama anayetaka kumsahihisha aliye mbele yake, ndiye anayeonekana na mtaa. Ndiye aliyekuwa akionekana na Mama Tapsell alipovuka theluji na uji.

Aprili 3

Jumapili, upepo mkali. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Mama Tapsell alipita akigawa vitabu vya nyimbo, kwa mkono wa kulia, mwingine ameuning'iniza. Alipofika kwangu alisimama. Nilidhani ataniruka.

"Nimeiona," alisema, bila kupunguza sauti. "Ya foleni."

"Nilikwenda kwanza kuiona picha nzima," nikasema.

"Jicho umelipatia. Limekaa mahali pake." Akanitazama kope, kisha midomo, kwa utulivu, bila haraka, kama nilivyomtazama yeye siku ile ya jua. Sikugeuza uso.

"Ndivyo ulivyo," alisema. Akanipa kitabu, akaenda kufunga mlango, maana baridi ilikuwa ikiingia.